Nani Alikalia Kiti cha Mick?

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa muziki, asanteni kwa uvumilivu. Nasema uvumilivu kwa sababu nilikuwa nawatazama wakati wimbo ule unapigwa. Wapo waliogeuka kuitazama spika wakidhani imepata hitilafu. Bwana mmoja pale mbele aliinamisha kichwa kama mtu aliye matangani. Spika ni nzima. Wimbo unaitwa "Dictator", nao ndio unaofungua Cut the Crap, albamu ya mwisho ya The Clash, iliyotoka tarehe 4 Novemba 1985. Vinanda vinakwenda njia yao, ngoma inakwenda njia yake, na sauti za watu zinaingiliana kama redio mbili zilizowashwa chumba kimoja. Yote hayo yaliwekwa makusudi.

Niliombwa nizungumzie albamu ambayo bendi ya panki, ile roki ya kasi na makelele, hutoa baada ya kuondokewa na mtu wake mkubwa. (Kwa wengi wetu panki ilikuwa mtindo wa kunyoa kabla haijawa muziki, lakini hayo tuyaache kwa vinyozi.) Nadhani waandaaji walitegemea nije na albamu ya kujivunia. Zipo, na mbili nitazitaja. Ila nimeona nianze na chombo kilichozama, kwa kuwa mbao zake bado zinaelea na tunaweza kuziokota moja moja.

Tujue kwanza nani alikuwa nani. The Clash ilizaliwa London mwaka 1976. Joe Strummer aliimba na kulicharaza gitaa bila huruma. Mick Jones alipiga gitaa la solo na kuimba pia. Paul Simonon alipewa besi akiwa bado anajifunza kuishika. Na kuanzia 1977, nyuma ya ngoma akaketi Topper Headon. Meneja wao, Bernie Rhodes, ndiye aliyemleta Strummer kundini, na ndiye aliyewahimiza waachane na nyimbo za mapenzi, waimbe wanayoyaona mtaani: kukosa kazi, ubaguzi, virungu vya polisi.

Strummer alikuwa uso wa bendi, na maneno mengi yalikuwa yake. Lakini maneno hayawi wimbo mpaka apatikane mtu wa kuyatafutia sauti, aseme hapa gitaa linyamaze, hapa sauti ya pili iingie, hapa kiitikio kikatwe kabla hakijachosha. Mtu huyo alikuwa Mick. Strummer alikuwa mdomo, Mick alikuwa sikio. Ichukueni London Calling, ile albamu ya sahani mbili ya Desemba 1979: rege, ska, jazi na roki ya kizamani vimekaa nyumba moja bila kugombania mlango. Kazi ya sikio hilo.

Na tusimsahau Topper, maana husahaulika kirahisi. Ule wimbo wao wa "Rock the Casbah", muziki wake ni wa Topper. Alifika studio wenzake hawajafika, akapiga ngoma, akapiga piano, akapiga besi, kila kimoja kwa mikono yake, na wengine walipoingia wakakuta nyumba imeezekwa. Strummer akaleta maneno. Mei 1982 wakamfukuza Topper kwa ajili ya heroini, na wimbo wake ukapanda hadi nambari 8 kwenye chati za Marekani, ambako hakuna wimbo wao mwingine uliowahi kufika juu zaidi ya hapo. Itazameni video: anayepiga ngoma pale ni Terry Chimes, mpiga ngoma wao wa zamani aliyeitwa kuziba pengo. Video ile imejaa mizaha, nami kila nikiitazama namtafuta mwenye wimbo na simwoni.

Zamu ya Mick ikafika Septemba 1983. Kufikia hapo walikuwa wamepiga uwanja wa Shea, New York, wakiwafungulia The Who, na Mei 1983 walikuwa wamepanda jukwaa la US Festival, California, mbele ya umati usio na mwisho. Fedha ilikuwa imeingia na mazungumzo yalikuwa yametoka. Mick alichelewa mazoezini. Mick alitaka vinanda vya umeme na midundo ya hip hop aliyokutana nayo New York. Strummer na Simonon walikuwa wamechoka kumsubiri, na Rhodes, ambaye waliwahi kumfukuza kisha wakamrudisha, alikuwa sikioni mwao. Tangazo walilotoa lilisema kwamba Mick amekwenda mbali na wazo la asili la The Clash. Asili! Walimsomea mwacha asili ni mtumwa, mtu aliyekuwa hapo tangu siku ya kwanza.

Basi kiti kikabaki wazi. Wachambuzi wakifika hapa huuliza habari za aliyeondoka: alikuwa mkubwa kiasi gani, na waliobaki wataweza? Mimi hunikereketa jingine. Nataka kujua kiti kile alikikalia nani, na alikikalia kwa ruhusa ya nani.

Niruhusuni nirudi nyuma miaka michache, kwa The Damned. Hawa ndio waliotoa singo ya kwanza ya panki Uingereza, "New Rose", Oktoba 1976, na albamu ya kwanza pia, Februari 1977. Nyimbo zao karibu zote zilitoka kwa mpiga gitaa, Brian James. Wale wengine watatu walionekana kama kundi la vituko. Mwimbaji Dave Vanian aliwahi kuwa mchimba makaburi, mpiga besi Captain Sensible aliwahi kuwa msafisha vyoo, na mpiga ngoma alijiita Rat Scabies, yaani upele wa panya. Albamu yao ya pili, ya Novemba 1977, ilisimamiwa na Nick Mason wa Pink Floyd na haikumridhisha mtu. Mapema 1978 mambo yakavunjika. Mtunzi kaondoka na daftari lake, wamebaki vituko.

Vituko wakarudi pamoja mwaka huo huo. Jina la bendi likiwa na utata wa kisheria, wakajiita The Doomed, na usiku mmoja London Lemmy wa Motörhead akawashikia besi. Halafu tazameni walivyogawana viti. Captain Sensible aliiweka besi chini, akaokota gitaa. Hawakutafuta Brian James wa pili. Walimtazama mtu waliyekuwa naye siku zote, wakamsogeza hatua moja kushoto, kisha wakamchukua Algy Ward, aliyetoka The Saints ya Australia, akae kwenye besi iliyoachwa. Na Sensible akathibitika kuwa mpenda tuni nzuri, mtu wa kinanda na viitikio, ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza.

Novemba 1979 wakatoa Machine Gun Etiquette. Sipendi kusifu kupita kiasi, lakini hii nitaisifu. Ina mbio za panki kuliko zile za mwanzo, na ndani ya mbio hizo unasikia watu wakifurahia kugundua kwamba wanaweza. "Smash It Up" inaanza kwa gitaa tulivu kabisa, polepole, kama mtu anayekumbuka kitu, kabla haijawaka. Brian James asingeandika vile. Na hakuna ubaya. Alikuwa mtunzi wa namna nyingine. Singo ya "Love Song" ilifika nambari 20 Uingereza, jambo ambalo bendi ya Brian James haikuwahi kulifikia.

Kuna jambo moja dogo kuhusu albamu hiyo ambalo halinitoki. Ilirekodiwa Wessex, studio ya kaskazini mwa London, wakati The Clash wako humo humo wakirekodi London Calling. Strummer alivuka ukumbi akaingia kwao kusaidia kupaza sauti za nyuma kwenye wimbo uliobeba jina la albamu. Kwa hiyo Strummer alikuwapo! Alisimama mbele ya kipaza sauti kimoja na bendi iliyokuwa inajifunza kuishi bila mtunzi wake. Miaka minne baadaye shida ile ile ilipobisha mlangoni kwake, akaishughulikia kinyume kabisa.

Wa pili nitawapitia haraka, ingawa nawapenda zaidi. Buzzcocks wa Manchester walitoa sahani yao ya kwanza wenyewe, kwa fedha za kukopa, Januari 1977: nyimbo nne, Howard Devoto akiimba. Kabla sahani haijapoa, Devoto akaaga. Hapo pia hawakwenda mbali kutafuta. Pete Shelley, aliyekuwa mpiga gitaa, akasogea kwenye kipaza sauti na ile sauti yake nyembamba ya mtu aliyeachwa kituoni. Steve Diggle akatoka kwenye besi akashika gitaa. (Naona wapiga besi mliomo humu mnatabasamu.) Albamu yao, Another Music in a Different Kitchen, ilitoka Machi 1978 na kufika nambari 15. Ukiweka sindano mwanzoni, kitu cha kwanza unachosikia ni kipande cha "Boredom", wimbo wa enzi za Devoto, sekunde chache tu, kisha kinakatwa na wimbo mpya unaingia kwa kasi. Na albamu ikikaribia kwisha, kipande kile kinarudi. Aliyeondoka wamemwekea kizingiti na kizingiti, na katikati wanaishi wao.

Sasa turudi kwa wakubwa wetu.

Kiti cha Mick kilipobaki wazi, The Clash waliajiri. Waliletwa wapiga gitaa wawili, Nick Sheppard na Vince White, na kwenye ngoma alikuwapo Pete Howard, aliyeingia mapema mwaka 1983, kabla Mick hajaondolewa. Wote watatu walilipwa mshahara wa wiki. White hakuwa anaitwa Vince. Jina lake lilikuwa Greg, akaambiwa halifai mtu wa roki. Hebu fikirini: mtu anaingia kazini, na kabla hajachomeka waya wa gitaa ameshanyang'anywa jina. Ukishamwita mtu kwa jina ulilompa wewe, na Ijumaa unamkabidhi bahasha, utamwambiaje siku ya Jumatatu alete tuni yake na abishane nawe kuhusu kiitikio?

Niwe mkweli, jukwaani hawakuwa wabaya. Mwaka 1984 walizunguka Uingereza, Ulaya na Marekani, na Desemba walipiga Brixton, London, kuwachangia wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo. Walikuwa na nyimbo mpya, kali na fupi. Kama mtu angewasha mashine ya kurekodia usiku wowote, huenda leo tungekuwa na mazungumzo mengine.

Badala yake, mwanzoni mwa 1985, wakaenda kurekodi Munich, Ujerumani. Na hapa naomba mnisikilize taratibu, maana ndipo chombo kilipotobolewa. Bendi hii ilikuwa imemfukuza Mick ikitaka kurudi kwenye asili: vijana wachache, magitaa, ngoma, jasho. Kisha wakaingia studio, na ngoma za Pete Howard karibu zote zikaondolewa ikawekwa mashine. Besi ya Simonon sehemu kubwa ikapigwa na Norman Watt-Roy, fundi wa besi wa The Blockheads. Sheppard na White walikuwa vibarua. Aliyebaki wa asili ni Strummer peke yake, na sauti yake imefunikwa na kwaya ya watu wanaopiga kelele kama mashabiki wa mpira. Kwenye jalada, nyimbo zimeandikwa kuwa za Strummer na Rhodes. Mtayarishaji ametajwa kuwa Jose Unidos. Mkimtafuta Jose Unidos hamtampata. Ni jina la kubuni, na nyuma yake alikuwa amejificha Bernie Rhodes.

Meneja, mtu wa mikataba na matangazo, ndiye aliyekikalia kiti cha Mick. Alikuwa na mawazo, tena mengi, na mengine mazuri. Bila yeye huenda The Clash isingekuwapo. Lakini sikio hakuwa nalo, na hakuna aliyebaki pale mwenye uzito wa kumwambia, bwana, kinanda hiki kinapiga ufunguo mwingine. Wimbo wa tatu upande wa kwanza unaitwa "We Are the Clash". Sisi ndio The Clash. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake, ndugu zangu. Ukimsikia anapiga hodi, jua funguo anazo mwingine.

Najua kuna kijana ataniambia tatizo ni mashine ya ngoma. Sikubali. Katika majira yale yale ya 1985, kampuni ile ile iliyotoa Cut the Crap ilitoa albamu ya kwanza ya Big Audio Dynamite, bendi mpya ya Mick Jones. Imejaa mashine ya ngoma, na imejaa vipande vya sauti vilivyonyofolewa kwenye filamu, na inapumua. Mwaka uliofuata wimbo wao wa "E=MC2" ulifika nambari 11 Uingereza. Mashine ile ile, mikononi mwa mwenye sikio. Cut the Crap ilifika nambari 16 kwa nguvu ya jina, kisha ikateremka kama jiwe. Marekani iliishia nambari 88.

Sitaki tumcheke Strummer. Baba yake alifariki mwaka 1984, na mama yake alikuwa mgonjwa sana. Mtu aliyefiwa humkabidhi usukani yeyote anayeonekana kujua njia. Na kuna kisa kimoja cha Mei 1985, kazi ya studio ikiwa imeshafanyika na albamu bado haijatoka, ambacho kwangu kinafaa kuwekwa mizani moja na albamu nzima. Watano hao waliondoka bila vipaza sauti wala magari ya vyombo, wakabeba magitaa ya mbao, wakaenda kaskazini mwa Uingereza hadi Uskoti wakiimba barabarani kama waimbaji wa kopo. Waliimba mitaani na chini ya madaraja, wakala walichochangiwa, wakalala walikokaribishwa. Pete Howard, ambaye ngoma zake zilikuwa zimefutwa Munich, alipiga kwa vijiti juu ya chochote kilichokuwa karibu. Meneja hakuwapo. Kwa siku zile chache walikuwa bendi, na hakuna albamu iliyotoka humo.

Baada ya hapo Strummer alimfuata Mick hadi Nassau, visiwa vya Bahamas, akamwomba warudiane. Mick akakataa. Nani angekubali, albamu yake mpya ikiwa tayari mkononi? Lakini hawakununiana. The Clash ilipokwisha kabisa, mapema 1986, Strummer alikwenda kumsaidia Mick kuandika na kutayarisha albamu ya pili ya Big Audio Dynamite. Mdomo ukarudi kwa sikio, ndani ya nyumba isiyo yake.

Mwaka 2013 zilipokusanywa albamu za The Clash katika sanduku moja, zikasafishwa upya chini ya uangalizi wa Mick mwenyewe, Cut the Crap haikutiwa humo. Hesabu yao inaishia 1982. Naelewa kwa nini, na bado nasema walikosea, kwa sababu ya wimbo mmoja ambao nitaufikia sasa hivi.

Kabla ya hapo, tarehe 15 Novemba 2002. Ukumbi wa Acton, magharibi mwa London, onyesho la kuwachangia wazima moto waliokuwa kwenye mgomo. Strummer yuko jukwaani na bendi yake nyingine, The Mescaleros. Mick yuko kati ya watazamaji kama mimi na wewe. Mwishoni bendi ikaanza "Bankrobber", wimbo wa zamani wa The Clash. Mick akapanda jukwaani, akachukua gitaa, akaanza kupiga. Hakuna aliyekuwa amepanga. Ilikuwa imepita miaka 19 tangu wasimame jukwaa moja. Tarehe 22 Desemba mwaka huo huo Strummer akafariki kwa moyo, akiwa na miaka 50.

Haya. Wimbo. Upande wa pili wa sahani hii hii iliyowachosha masikio unaanza na "This Is England". Una mashine ya ngoma ile ile, na kiitikio cha umati ule ule. Mwanzoni kabisa mtasikia sauti ya mtoto akinadi bidhaa sokoni, halafu kinanda kinatambaa chini, na Strummer anaingia peke yake, hapigi kelele, anaitazama nchi yake: viwanda vimefungwa, polisi barabarani, vijana waliorudi vitani na waliokosa pa kwenda. Anaimba kama mtu anayeizunguka nyumba yake iliyouzwa. Nimeusikiliza mara nyingi nikijaribu kusikia mahali ambapo Mick angeingiza gitaa, na sipati nafasi. Kiti kiko wazi, na safari hii hakuna aliyekikalia. Strummer anaimba pembeni yake.

Fundi, tafadhali geuza sahani. Ongeza sauti kidogo. Na yule bwana pale mbele, inua kichwa sasa.